Dorotea na Mfuko wa Pembeni ya Kitanda

Asubuhi ile Dorotea alikuwa anagombana na kuku.

Alikuwa jike jeusi, mbishi, aliyejichagulia mwenyewe mahali pa kutagia: ndani ya kapu la pamba la mumewe, mzee Luhende, ile pamba anayozibia nyufa za mitumbwi. Kila akitolewa anarudi. Dorotea alimshika mbawa, akamtoa nje, akamsimamisha mbele yake kama mtoto aliyekosa.

"Umejifanya bibi wa nyumba," alimwambia. "Mimi nimeishi na fundi miaka yote hii, pamba sijatandikiwa. Wewe umekuja juzi."

Luhende alikuwa mlangoni na bakuli la uji. Alichekea puani. Akasema mwenzako angalau anataga. Dorotea akamjibu kwamba na yeye alishataga wawili, mmoja ameolewa na mwingine ameoa, sasa amestaafu.

Uji wake hakuunywa. Alisema tumbo limejaa, atakunywa baadaye. Neno la kawaida, mtu yeyote hulisema. Akajitwisha beseni akaenda kugeuza dagaa kwenye chanja, na Luhende akachukua tezo lake akateremka ufukweni Nyegezi, ambako mtumbwi wa mtu ulikuwa unamsubiri. Hawakuagana. Mtu utakayekula naye mchana huna sababu ya kumuaga.

Hiyo ndiyo asubuhi yao ya mwisho nyumbani.

Dorotea alizaliwa Ukerewe, kijiji kisicho mbali na Nansio, kwa watu wa kanisa na mihogo. Luhende alimkuta huko alipoitwa kutengeneza mitumbwi ya mtu mmoja. Wakati huo Dorotea alikuwa msichana asiyezungumza na mafundi. Analeta chakula, anakiweka chini kwa mbali, anageuka kabla fundi hajashukuru. Luhende alikaa kule kuliko kazi ilivyotaka. Mwenye mitumbwi alipoanza kuuliza ni ufa gani huo usiozibika, ndipo Luhende akatuma wazee.

Akamleta Mwanza. Wakajenga juu ya Nyegezi, kwenye yale mawe, mahali ambapo nyumba ya mwenzako iko juu ya bati lako na njia inapita katikati ya mwamba na mwamba. Dorotea alianika dagaa, akawauza Mkuyuni, akarudi, akalima kipande chao cha viazi. Hakuwa mtu wa makuu. Kama kuna jambo la kumtambulisha ni hili: hakupenda kuonekana.

Alioga kabla majirani hawajaamka. Nguo zake za ndani alizianika chini ya nguo nyingine, na hizo nyingine akazibana zisipeperuke. Sokoni alikula amewapa watu kisogo. Alipomzaa Evelina hakutoa sauti, mpaka mkunga akamtikisa bega kuuliza kama bado yupo. Luhende alipougua tumbo mwaka mmoja, Dorotea alibeba ndoo yake ya uchafu akiwa ameifunika na sinia na juu ya sinia ameweka kitambaa, jirani akamuuliza chakula hicho anampelekea nani.

Halafu akaja mkwe.

Yeremia alimwoa Evelina. Ni fundi wa kuchomelea mageti, kijana mpana wa mabega, mpole. Kwa watu wa akina Luhende, mama wa mke na mume wa binti huogopana. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, wakikutana njiani mmoja anapisha. Mjini watu wengi wamelegeza. Dorotea, ambaye mila hiyo aliikuta kwa mumewe, aliishika akaikaza kuliko wenyewe.

Siku moja mvua ilikuwa inataka kunyesha. Dorotea anapanda na beseni la dagaa, Yeremia anateremka, na njia pale inapita mtu mmoja. Dorotea akajibana kwenye ufa wa mwamba ili mkwe apite. Yeremia kwa kumheshimu akarudi juu, akajificha nyuma ya ukuta wa mtu ili mama apite. Kila mmoja akamngoja mwenzake. Mvua ikaja, ikanyesha yote, dagaa wakalowa wakawa kama udongo. Luhende ndiye aliyeitwa kwenda kuwaondoa. Alimuuliza mkewe kwa nini hakupita tu. Dorotea akasema bora dagaa wa wiki nzima waoze kuliko kupita mbele ya mkwe na kanga imemshika mwili.

Yeremia naye alimwogopa kwa mapenzi. Akija kwao anaanza kukohoa tangu kwenye mwembe wa jirani. Alimtengenezea mlango wa chuma wa jiko, akaja kuufunga siku ambayo alijua mama yuko sokoni. Dorotea alipouona aliufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga. Kwa muda mrefu baada ya hapo kila mgeni alionyeshwa mlango.

Siku ile ya kuku, jua likiwa utosini, Gladness alikuja mbio ufukweni. Gladness ni mke wa Obedi, mtoto wa pili wa nyumba. Obedi yuko machimboni Geita, na mkewe alibaki na wakwe. Binti wa upande wa Mara, mtulivu, mikono yake haikai bure. Alisimama mbali kidogo akapiga goti kwenye mchanga.

"Baba, mama anaumwa."

Luhende akauliza anaumwa nini. Akasema tumbo. Hakuongeza. Kumbe Dorotea alikuwa anatapika tangu Luhende alipoondoka, mpaka vikawa vinatoka vya kijani, na choo hakikuwa kimetoka tangu juzi yake. Lakini hayo si maneno ya mke wa mtoto kumwambia baba mkwe, wala baba mkwe hayaulizi. Luhende aliyasikia hospitalini, kwa nesi.

Walimpeleka kwa bajaji. Daktari alikuwa anaitwa Maige, kijana, ana macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimbonyeza Dorotea tumbo, akapiga juu yake kwa vidole kama anayesikiliza ngoma, akamtoa Luhende pembeni. Akamweleza kwamba utumbo umejisokota, na ukiachwa hivyo unaoza. Lazima apasuliwe. Luhende akasema basi apasuliwe. Daktari akasema ndiyo, ila siyo sasa hivi. Mtu aliyetapika kiasi kile mwili umekauka, na ukimpa nusu kaputi akiwa mkavu presha inaanguka, haamki. Kwanza maji, halafu kisu.

Wakamtundikia dripu mikono yote miwili. Wakamwekea na mpira wa mkojo, na mfuko wake wakauning'iniza kwenye chuma cha kitanda, pembeni.

Daktari Maige alikuwa na subira na wazee. Alimwonyesha Luhende kwa kidole.

"Mzee, hizi chupa za juu ndiyo maji anayoingiza. Mfuko wa chini ndiyo anayotoa. Mfuko ukipata kitu najua mwili umeshiba. Mfuko ukiwa mkavu najua bado ana kiu, namwongezea. Nikimpa machache figo zinakufa. Nikimpa mengi yanapanda kwenye mapafu."

Luhende hakusoma, lakini hilo halikuwa gumu. Akasema ameelewa, na alikuwa ameelewa kweli.

Dorotea, pamoja na maumivu yale, jicho lake lilikuwa kwenye mfuko. Alimwambia Gladness atoe kanga aufunike. Nesi akaja akaitoa kanga, akasema wanahitaji kuuona. Gladness akaifunika tena, nesi akaitoa tena. Ikaishia hapo, maana kitanda kilikuwa kinaanza kusukumwa kwenda chumba cha upasuaji.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Hili ndilo lililomwuma Luhende baadaye kuliko mengine yote. Kipande kilichooza kilikatwa, kikatupwa, utumbo ukaungwa. Dorotea alitoka akiwa hai, akafungua macho, akauliza kama dagaa wameanuliwa. Daktari alimshika Luhende mkono. Akamwambia sasa wanasubiri tumbo liamke. Hata tone la maji asipewe mdomoni. Tumbo likiamka ataanza uji, akianza uji safari ya nyumbani iko karibu.

"Akijamba tu, mzee, hiyo kwetu ni sherehe," daktari akasema.

Gladness alikuwa amesimama pale pale. Luhende akaangalia dari, Gladness akaangalia ndala zake. Daktari akaenda zake kwa wagonjwa wengine, hajui aliloacha nyuma.

Wodi ya wanawake wanaume hawaingii ila saa za kuona wagonjwa. Kwa hiyo Gladness ndiye aliyemuuguza. Alilala sakafuni chini ya kitanda, akamlowanisha mama midomo kwa kitambaa, akamfuta, akamgeuza. Nesi wa zamu, Roza, mama wa makamo mwenye vitanda vingi kuliko mikono, alimpitia akamwambia kuhusu mfuko: ukijaa, niite. Akakimbilia kwingine.

Evelina hakuweza kuja. Alikuwa amejifungua siku chache nyuma, yuko ndani na mtoto mchanga. Akamtuma mumewe akamwone mama kwa niaba yake.

Yeremia aliingia na Luhende siku ya pili baada ya kisu. Alisimama miguuni mwa kitanda akiangalia dirisha, akalisalimia dirisha. Dorotea aliitikia marahaba kutoka ndani ya shuka, ameivuta mpaka kidevuni. Yote yalikuwa sawa mpaka likapita toroli la dawa. Yeremia akasogea kulipisha, na goti lake likagusa mfuko. Maji aliyopewa Dorotea kabla ya kisu na wakati wa kisu yalikuwa yameanza kutoka. Mfuko ulikuwa umenona, wa manjano, ukaning'inia ukicheza pale gotini kwa mkwe. Yeremia akaangalia chini. Akaangalia dirisha tena. Akaaga.

Basi.

Watu walipotoka Dorotea alilia, na Gladness hakuwahi kumwona akilia. Akamwita karibu. Akamwambia kuanzia leo, kabla hawajafungua mlango kwa wageni, kitu kile kiwe kitupu. Akamwapisha asimwambie mtu. Gladness akasema ndiyo mama. Mama mkwe akikutuma hukai ukapima. Na nesi alikuwa amesema ukijaa. Haukuwa umejaa, ulikuwa nusu.

Akawa anaumwaga. Anafungua kile kibomba cha chini, anakinga ndoo, anaifunika ndoo kwa mfuniko, anaipeleka chooni. Asubuhi kabla ya wageni, mchana kabla ya wageni, jioni kabla ya wageni. Alipoona mama anatulia uso kila akifanya hivyo, akawa hasubiri hata wageni. Ukipata vidole viwili anamwaga. Alifanya kwa moyo, kama anavyoosha vyombo, vyombo visikae na uchafu. Manesi walikuja kusoma mfuko wageni wakishatoka, wakati ambapo wodi imetulia. Wakakuta unyevunyevu. Wakaandika unyevunyevu.

Daktari Maige akasoma walichoandika, akakunja uso. Kwa hesabu yake utumbo ulioumia ulikuwa bado unanyonya maji ndani kwa ndani, na mama bado ni mkavu. Akaongeza chupa. Chupa ikaisha, mfuko mtupu. Akaongeza nyingine.

Siku iliyofuata alifika kitandani wageni wakiwa bado wapo. Walikuwepo Luhende, Yeremia na Gladness. Aliinama, akautazama mfuko, akainuka, akawauliza wote kwa pamoja kama mtu anayeuliza habari za nyumbani.

"Mkojo unatoka lakini?"

Swali lile lilikuwa la kujibiwa na mtu mmoja tu, na huyo mtu alikuwa amesimama katikati ya baba mkwe na shemeji, mama mkwe amelala mbele yake. Gladness aliinamisha kichwa. Dorotea alifumba macho akajifanya amesinzia. Yeremia alishageuka, yuko nusu njia kwenda mlangoni. Luhende alimtazama Gladness mara moja, akaona aibu kwa niaba yake, akamwokoa. Akamwambia daktari kwamba wao ndio wenye kuona hayo, sisi tutajuaje.

Daktari akautazama tena mfuko. Ulikuwa mtupu. Akamwambia Roza aifungulie dripu iende haraka, na ikiisha waunganishe nyingine.

Luhende alirudi nyumbani jioni ile ana moyo mwepesi. Alimwona mkewe anahudumiwa. Alifagia chumba, akafua chandarua, akakaza mguu wa kitanda uliokuwa unalia. Alitaka Dorotea akute kitanda hakilii.

Kesho yake wanawake wa jumuiya walikuja wodini kutoka Mkuyuni. Walimkuta Dorotea uso umejaa, unang'aa, vidole vimevimba kama vya mtoto. Wakafurahi. Mmoja akasema hospitali imemkubali. Mwingine akasema Mama Evelina umenawiri, ukitoka hapa mzee hatakutambua, atajua ameletewa mwingine. Wakacheka. Dorotea naye akacheka, kicheko kikakatika kwa kikohozi. Wakasali, wakaondoka. Luhende alikuwa hapo, na yeye akamwona mkewe amenawiri. Macho yanaona yanachokitaka.

Kikohozi hakikuisha. Kufikia asubuhi Dorotea alikuwa hawezi kulala chali. Alikaa kitandani ameshika vyuma vya pande zote mbili, anapumua kama mtu aliyepanda mawe ya Nyegezi na ndoo kichwani, ila mtu huyo hafiki juu. Mdomoni kulikuwa na povu, jeupe lenye wekundu kidogo. Walimruhusu Luhende aingie saa isiyo ya wageni. Mwenyewe alijua maana yake.

Daktari Maige aliweka chombo chake mgongoni kwa Dorotea, huku na huku, akakitoa masikioni. Alisema mapafu yamejaa maji. Kisha akasimama, mikono imening'inia, akawa anatazama chupa, anatazama mfuko.

"Yote tuliyompa," alisema, "yamekwenda wapi?"

Saa ya wageni ilikuwa inakaribia. Gladness, ambaye hakuwa ameelewa maneno ya daktari, alikuja na ndoo yake kama kila siku. Akachuchumaa pembeni ya kitanda, akashika kile kibomba. Nesi Roza akamdaka mkono.

"Unafanya nini?"

"Namsitiri mama," Gladness akasema. "Wageni wanakuja."

Daktari akamuuliza kwa sauti ya chini, tangu lini. Gladness akasema tangu siku ile ya pili. Akauliza mara ngapi. Gladness akasema kila ukipata kitu. Hakumfokea. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha jirani, kitu ambacho madaktari hawafanyi, akashika kichwa. Halafu akainuka akafunga dripu zote mbili kwa mkono wake mwenyewe. Akamchoma sindano ya kutoa maji, akaagiza oksijeni, akaagiza mama awekwe wima, asilazwe.

Sindano ilifanya kazi. Mfuko ukaanza kujaa, safari hii hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Ulining'inia pale wazi mbele ya kila aliyepita.

Kitanda kile hakikuwa na cha kuegemea. Luhende alimshika mkewe mgongo kwa muda mrefu, mpaka mikono ikaanza kutetemeka, na akitetemeka Dorotea anateleza, akiteleza pumzi inakata. Roza akaangalia wageni waliokuwa wameingia, akamwita mwenye mabega.

Yeremia alisimama. Alimtazama baba mkwe wake. Luhende alisogea akampisha. Yeremia akavua viatu, akapanda kitandani nyuma ya mama wa mke wake, akamkalisha, akamwegemeza kifuani kwake. Uso aliugeuzia ukutani. Dorotea alikakamaa kwanza, kisha akaachia, kichwa chake kikatua begani kwa mkwe. Wakakaa hivyo mchana wote. Mfuko unajaa pembeni, Yeremia anautazama ukuta.

Daktari alimtoa Luhende koridoni. Akamwambia mama alikuwa na presha ya siku nyingi, moyo ulikwishachoka kabla ya haya, sasa umebebeshwa mzigo. Maji yanatoka, lakini moyo haushiki kasi. Luhende alimuuliza swali moja tu, kosa ni la nani. Hakuuliza kwa ugomvi.

"Nilipaswa kumtazama mama," Maige akasema. "Nikatazama mfuko."

Gladness alikuwa hapo koridoni, amekaa sakafuni, mgongo ukutani. Alikuwa amekataa chai. Alikuwa anasema peke yake kwamba ameua, kwamba atarudi kwao Mara kabla hajafukuzwa, kwamba Obedi hawezi kumtazama tena. Luhende alitaka kumwambia neno. Alisimama juu yake, baba mkwe na mke wa mtoto wake, akatafuta neno asilipate. Akarudi ndani.

Dorotea alimuuliza Gladness yuko wapi. Luhende akamwambia yuko nje, sakafuni, analia. Dorotea akavuta pumzi, nyingine, nyingine. Akashusha ile barakoa ya oksijeni kwa mkono wake uliovimba, akasema alilosema. Yeremia nyuma yake alisikia, Luhende mbele yake alisikia. Roza akairudisha barakoa. Baada ya hapo hakuzungumza tena, na kabla jua halijazama moyo ulisimama. Yeremia hakujua. Alikuwa bado amemshikilia, mpaka Luhende alipomgusa mguu.

Walimzika shambani, kwenye viazi vyake. Evelina aliletwa na mtoto mgongoni. Obedi alifika kutoka Geita na vumbi lake, akachimba pamoja na wenzake, hakuna aliyemwambia apumzike.

Baada ya maziko ndugu wa kiume wa Luhende walikaa. Kaka yake mkubwa, Kashindye, ndiye mwenye kuuliza katika ukoo, na ni haki yake. Akauliza marehemu alikufa na nini, maana habari imewafikia kwamba kwenye kisu alipona. Luhende akaeleza maji yaliyoingia na yaliyotoka, kama daktari alivyomweleza, bila kuficha. Kashindye akauliza aliyekuwa anamuuguza ni nani. Watu wakageuza vichwa kuelekea jikoni, ambako Gladness alikuwa anaosha masufuria, na mmoja wa ndugu hao akasema watu wa Mara bwana, akaishia hapo. Mwingine akasema binti kama huyo nyumba haiwezi kukaa naye, kila ukimwona unaona msiba. Kashindye akasema suala hilo liamuliwe leo leo, Obedi akiwepo. Obedi aliinama, hakuinua uso.

Luhende si mtu wa mikutano. Miaka yote katika vikao kama hivyo alikaa pembeni na Dorotea akamuuliza baadaye wamesema nini. Safari hii alisimama. Akaomba Gladness aitwe, aache masufuria. Gladness akaja akapiga goti mlangoni, mikono ina mapovu.

Luhende akasema yeye hana uamuzi wa kutoa, uamuzi ulishatolewa, na shahidi yupo. Akamwomba mkwe wake asimame. Yeremia akasimama. Luhende akamuuliza kama siku ile alikuwa amemshika mama, na kama alisikia. Yeremia akasema alimshika, na alisikia. Luhende akasema basi atayatamka maneno ya marehemu kama yalivyotamkwa, asiongeze wala asipunguze, na Yeremia amsahihishe akikosea. Akamgeukia Gladness. Kwa mara ya kwanza tangu aingie katika nyumba yake alimtazama usoni.

Yeremia hakuwa na la kusahihisha. Dorotea alisema hivi:

"Mwambieni Gladness atoke hapo sakafuni, kuna baridi. Nilimtuma mimi. Na angekataa, ningemnunia."